Upepo wa tairi za malori: geji, sensa za nje, sensa za ndani au mfumo wa kujijaza?

Kichwa cha ekseli tatu kikivuta tela la ekseli tatu, una tairi 22 barabarani, ukiacha za akiba. Kumi kati ya hizo ziko upande wa ndani wa pacha, yaani tairi mbili zinazokaa pamoja upande mmoja wa ekseli: nne kwenye kichwa, sita kwenye tela. Valvu zake hazifikiki bila kupitisha mkono kwenye tundu la rimu, geji haikai sawa, na utingo aliyeamka saa kumi alfajiri ili gari liwahi mizani ya Vigwaza hatazipima zote. Atazigonga kwa nyundo. Nyundo itamwambia tairi imelala au haijalala. Haitamwambia kama ina psi (kipimo cha presha ya upepo) 110 au 85, na tofauti hiyo ndiyo inayoua tairi.

Tatizo si la kwetu peke yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 na FMCSA, mamlaka ya Marekani inayosimamia usalama wa malori na mabasi, ulikuta asilimia 44 tu ya tairi zikiwa ndani ya psi 5 za kipimo kinachotakiwa, na asilimia 7 hivi zikiwa zimepungukiwa psi 20 au zaidi. Asilimia 7 ya tairi 22 ni tairi moja na nusu kwa kila gari. Ulaya imeshalifanya suala hili kuwa sheria: kanuni ya EU 2019/2144 inataka kila lori na tela jipya liwe na mfumo wa kufuatilia upepo, kwa modeli mpya kuanzia Julai 2022 na kwa magari yote mapya kuanzia Julai 2024. Vichwa vya mtumba vinavyotoka huko vitaanza kutufikia vikiwa na sensa tayari, yaani vifaa vinavyopima upepo wa kila tairi na kutuma kipimo kwa dereva, kwa hiyo hata asiyepanga kununua atalazimika kuielewa.

Wauzaji wengi wanauza kitu kimoja: kengele ya pancha. Kengele ni muhimu, lakini kwa mwenye malori kumi au hamsini faida kubwa iko kwenye mambo mengine ambayo upepo na joto la tairi vinayafichua, na kila njia kati ya hizi nne inafichua sehemu yake tu. Jambo la pili linalosahaulika ni kwamba orodha ya sifa kwenye boksi haitoshi kukuamulia. Anayeamua ni fundi pancha wa Ruaha Mbuyuni au Igawa, yule atakayeifungua tairi yako saa nane usiku kwa mtarimbo. Mfumo usioweza kupita mikononi mwake ukabaki mzima haukufai, hata uwe bora kiasi gani.

Njia nne kwa mkupuo mmoja

| | Geji ya mkono | Sensa za nje | Sensa za ndani | Mfumo wa kujijaza |
|---|---|---|---|---|
| Inakaa wapi | Mkononi | Juu ya valvu, mahali pa kifuniko | Ndani ya rimu au chini ya valvu | Kwenye ekseli na habu, hasa za tela |
| Inapima joto | Hapana | Ndiyo, joto la kwenye valvu | Ndiyo, joto la upepo wenyewe | Kwa kawaida hapana |
| Inaongeza upepo | Hapana | Hapana | Hapana | Ndiyo |
| Kazi ya kufunga tairi 22 | Hakuna | Saa moja hadi mbili | Kila tairi itolewe kwenye rimu | Kazi ya karakana, tela lisimame |
| Adui mkubwa | Uchovu wa mtu | Mawe, tope, mikono ya watu | Mtarimbo wa fundi pancha | Hosi zilizokatika, upepo wenye maji |

Kuna pia kifaa cha kati na kati ambacho hakipati sifa inayostahili: kisawazisha upepo cha tairi pacha. Kinafungwa katikati ya habu, kinaunganisha tairi mbili kwa hosi fupi ili ziwe na upepo sawa, na kina dirisha dogo la rangi ambalo dereva analiona akizunguka gari. Tairi moja ikivuja kupita kiwango, kinajifunga ili isiishushe na ya pili. Hakina betri, wala mawimbi, wala skrini. Kwa mwenye gari mbili au tatu, kifaa hiki pamoja na geji nzuri kinaondoa nusu ya tatizo la tairi za ndani.

Ule mfumo wa magari madogo unaokadiria upepo kwa kuhesabu mizunguko ya gurudumu usiuzingatie. Tairi pacha zinazunguka pamoja, kwa hiyo iliyolala haionekani.

Presha na joto vikisomwa pamoja

Hapa ndipo sensa, za nje na za ndani, zinapoiacha geji mbali. Namba mbili za tairi moja zikiwekwa kando ya namba za tairi ya upande wa pili wa ekseli hiyohiyo, zinakuambia habari za breki na beringi, vitu ambavyo hukuvinunulia sensa kabisa.

Joto likipanda na presha ikipanda kwenye ekseli yote, kushoto na kulia, hiyo ni kazi ya kawaida: mzigo, jua, mteremko. Joto likipanda huku presha ikishuka, tairi inavuja na ubavu wake unajikunja kupita kiasi; gari lisimame sasa hivi. Lakini ukikuta pacha zote mbili za gurudumu moja zimepanda joto na presha kwa pamoja, na gurudumu la upande wa pili limetulia, tairi haina kosa. Joto linatoka ndani, kwenye dramu ya breki. Breki inashika na haiachii: chemba ya springi inavuja upepo na springi inaanza kusukuma yenyewe, au springi ya kurudisha viatu vya breki imekatika, au marekebisho ya breki yamebanwa mno. Kama breki iko huru, gusa habu. Beringi iliyokauka grisi inatoa alama hiyohiyo.

Alama ya nne ni ya hatari kuliko zote na hakuna kengele inayoilia. Gari lililobeba shaba likishuka mteremko wa Kitonga kuelekea Dar es Salaam, magurudumu yote yanayofunga breki lazima yapate joto. Ukiona kwenye rekodi gurudumu moja limebaki baridi wakati mengine yamepanda, breki ya gurudumu hilo haifanyi kazi. Hiyo huipati kwa geji, huipati kwa nyundo, na mfumo wa kujijaza hautakuambia. Unaipata kwa mtu wa ofisini anayefungua rekodi ya mteremko ule gari likishafika, akalinganisha kushoto na kulia.

Sensa za nje zinaonyesha joto dogo kuliko hali halisi, kwa sababu ziko nje ya rimu na zinapigwa na upepo wa njiani. Kwa kulinganisha kushoto na kulia zinatosha, maana kosa lake ni lilelile pande zote. Kwa kujua tairi imefika nyuzi ngapi hasa, hazitoshi. Mwenye matanki ya mafuta asiridhike nazo. Tairi iliyolala ndani ya pacha inasuguana na mwenzake na kuendelea kujichoma polepole, na mara nyingi moto unawaka baada ya gari kusimama, pale hewa ya kuipooza inapokatika.

Historia ya tairi ni ulinzi wa fundi

Tuseme tairi imetembea kilomita 150 ikiwa na psi 80 badala ya 115. Nje inaonekana nzima. Ndani, waya za chuma za ubavuni zimekunjwa na kukunjuliwa maelfu kwa maelfu ya mara mpaka baadhi zimekatika, moja baada ya nyingine, kwa mstari. Dereva anafika kijiweni, fundi anaona upepo mdogo, hapati msumari, anachomeka hosi na kujaza. Ubavu unafunguka kama zipu, kwa nguvu inayoweza kumuua aliyesimama mbele yake.

Sekta ya malori Marekani inaihesabu tairi iliyopungukiwa asilimia 20 kuwa ni tairi iliyolala, na kanuni za usalama kazini za nchi hiyo zinaitaka tairi iliyoendeshwa ikiwa na asilimia 80 au chini ya upepo unaotakiwa itolewe upepo wote kabla ya kufunguliwa. Kwa lengo la psi 115, mstari huo ni psi 92. Fundi hawezi kujua kama tairi ilivuka mstari huo ikiwa njiani. Sensa yenye kumbukumbu inajua, na inaweza kumwonyesha saa na dakika.

Weka sheria moja kwenye yadi yako na uibandike ukutani: tairi yoyote ambayo rekodi yake inaonyesha ilitembea chini ya asilimia 80 haijazwi ikiwa kwenye gari. Inatolewa upepo wote, inafunguliwa, inakaguliwa ubavu kwa ndani na nje, kisha inarudishwa na kujazwa ikiwa kwenye kizimba cha chuma. Inajazwa kwanza hadi psi 20 na kusikilizwa. Mlio wa kukatika-katika, au uvimbe wa mstari ubavuni, maana yake tairi inatupwa. Fundi anasimama pembeni, si mbele ya ubavu, akitumia hosi ndefu yenye kibanio kinachojishika chenyewe kwenye valvu.

Mfumo wa kujijaza una kasoro hapa ambayo wauzaji wake hawaitaji. Unaongeza upepo kwa tairi inayovuja bila kuuliza inavuja kwa nini. Msumari utakaa humo wiki tatu, maji yataingia kwenye waya, na taa ya onyo itawaka kwa vipindi vifupi ambavyo dereva ataviona vya kawaida. Ukiutumia, taa ikiwaka na kubaki imewaka ichukuliwe kama pancha. Na kila tela linaporudi, funga valvu ya mfumo usiku mzima, kisha pima kwa geji asubuhi ujue ipi inashuka.

Ganda, pacha, mizigo

Tairi ya lori inanunuliwa mara moja na inaweza kuvishwa kashata mpya (sehemu yenye meno inayogusa barabara) mara moja au zaidi, kama ganda lake, yaani mwili wa tairi chini ya kashata, ni zima. Linaloua ganda ni joto, na joto linaletwa na upepo mdogo chini ya mzigo. Kiwanda cha kuvisha kashata kikilikataa ganda, umepoteza maisha ya pili ya tairi, na hasara hiyo haionekani kwenye kitabu chochote kwa sababu hakuna risiti ya kitu ambacho hukupata. Mwenye rekodi za upepo kwa namba ya tairi anaweza kupanga mapema: hizi zimetembea vizuri, ziende kuvishwa, hizi zimepashwa moto mara mbili, zimalizike kwenye tela.

Kwenye pacha, tofauti isizidi psi 5. Tairi mbili zimefungwa kwenye habu moja, kwa hiyo lazima zizunguke sawasawa. Yenye upepo mdogo ni fupi kidogo kutoka kati mpaka chini, hivyo inaburutwa kila mzunguko na kashata zinalika kwa mabaka. Yenye upepo mwingi inabeba mzigo wa mwenzake. Mwenye gari anaona tairi moja imeisha mapema, anamlaumu muuza tairi, na kumbe kosa liko kwenye valvu ya ndani isiyopimwa. Sensa inaonyesha tofauti hiyo. Mfumo wa kujijaza na kisawazisha vinaiondoa kabisa, na hilo ni jambo la kuvisifia.

Halafu kuna hesabu ya mzigo. Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016, inayotumika Tanzania tangu Machi 2019, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani. Tairi mbili, kilo 4,000 kila moja. Tairi ya 315/80R22.5 yenye alama ya mzigo 156/150 inabeba kilo 4,000 ikiwa moja-moja, na hizo ni kwa baa 8.5, yaani psi 123. Maana yake tairi ya usukani ya gari lililojaa haina akiba hata kidogo. Ekseli mbili za nyuma za kichwa zinaruhusiwa tani 18 kwa tairi nane, kilo 2,250 kila moja, wakati uwezo wake kwenye pacha ni kilo 3,350. Kwa hiyo lengo la upepo si moja kwa gari zima. Soma jedwali la mtengenezaji wa tairi kwa mzigo wako, na usinunue kifaa kisichokubali kipimo tofauti kwa kila ekseli. Baadhi ya vile vya bei ya chini havikubali.

Dizeli: faida ya kweli, lakini ndogo kuliko inavyotangazwa

Jaribio la FMCSA lililochapishwa 2014, kwa malori yaliyokuwa kazini, lilipata akiba ya dizeli ya asilimia 1.4 kwa kutumia mifumo ya kufuatilia na kujaza upepo. Dar es Salaam hadi Tunduma na kurudi ni kilomita 1,860 hivi. Kwa lita 45 kila kilomita 100, safari inakula lita 837, na asilimia 1.4 yake ni lita 11.7. Safari mbili kwa mwezi zinakupa lita 280 kwa mwaka kwa gari moja. Zidisha kwa bei ya dizeli ya leo ulinganishe na bei ya mfumo. Ni hela ya maana, ila muuzaji anayekuahidi asilimia 5 au 10 mwambie akuandikie kwenye mkataba.

Tairi inayoondoka na kurudi ikiwa nyingine

Kila sensa ina namba yake. Ukiifunga namba hiyo na namba ya tairi kwenye daftari moja, kubadilishwa kwa tairi njiani kunaonekana siku hiyohiyo. Sensa ya ndani ni bora zaidi kwa hili: tairi mpya ikiuzwa na kuukuu ikafungwa, namba inapotea kwenye skrini na haiwezi kurudishwa bila kufungua tairi tena. Sensa ya nje inahamishwa kwa dakika moja, kwa hiyo yenyewe inalinda upepo tu, hailindi tairi.

Waelezeni madereva mapema, kabla ya kufunga, kwamba rekodi inawalinda na wao. Dereva aliyesimama dakika nne baada ya kengele ana ushahidi kwamba hakuiburuta tairi. Bila rekodi, kila tairi iliyopasuka inakatwa kwenye posho yake kwa maneno ya mtu ambaye hakuwepo.

Baridi ya Makambako na kengele zisizoisha

Mifumo mingi mizuri inazimwa ndani ya mwezi wa kwanza kwa sababu viwango viliwekwa vibaya. Umejaza psi 115 Dar es Salaam kukiwa na nyuzi 30. Alfajiri ya Julai Makambako kuna nyuzi 10. Hewa ileile, tairi ileile, haivuji popote, lakini kushuka kwa nyuzi 20 peke yake kunaondoa psi 8 hadi 9, na mwinuko wa pale unairudishia geji psi mbili na kitu. Utasoma 109 au chini kidogo. Kengele ya kwanza ikiwa imewekwa asilimia 10 chini ya lengo, yaani psi 103.5, tairi nzima haitaita. Tairi iliyoondoka Dar es Salaam na psi 108 itaita, na itakuwa inasema kweli.

Mchana upande wa Morogoro mambo yanageuka. Tairi yenye mzigo inapanda psi 15 hadi 20 juu ya kipimo cha baridi, na hiyo ni kawaida. Aliyeweka kengele ya juu asilimia 10 tu atasumbuliwa kutoka Mikese hadi Mikumi, mpaka dereva achomoe waya. Mbaya zaidi, atasimama na kupunguza upepo wa tairi ya moto, kisha usiku ibaki na upungufu. Tairi ya moto haipunguzwi upepo. Viwango vinavyofanya kazi ni hivi: onyo la kwanza asilimia 10 chini, kengele ya kusimama asilimia 20 chini, kengele ya juu asilimia 25 hadi 30 juu ya kipimo cha baridi, na joto nyuzi 80 kwa sensa za ndani. Kwa sensa za nje shusha joto hadi 70, kwa sababu ile tuliyoitaja.

Kinachoharibika, na kwa nini

Sensa ya nje inaongeza mahali pa kuvujia. Inapofungwa, inasukuma sindano ya valvu iwe wazi muda wote. Raba yake ndogo ikichakaa, tairi inashuka polepole na sensa yenyewe ndiyo inayotoboa. Uzito wake kwenye valvu ndefu ya kuungia inayoning'inia unaitikisa mpaka shina la valvu linapasuka, hasa tairi za ndani. Shika valvu hizo kwa kibanio. Nati ya kuzuia wizi inahitaji spana yake. Spana isipokuwemo garini, fundi wa njiani ataivunja sensa ili ajaze upepo. Tafuta aina inayoruhusu kujaza bila kuitoa.

Sensa ya ndani inavunjwa na mtarimbo. Iliyo chini ya valvu inavunjika mara nyingi zaidi. Iliyofungwa kwa mkanda wa chuma upande wa pili wa valvu inapona kama fundi ameambiwa. Chora mshale wa rangi nyeupe ubavuni mwa rimu mahali ilipo, ili asianze kubandua hapo. Dawa ya maji ya kuziba pancha inaziba tundu la kupimia, usiitumie. Betri haibadilishwi, ikiisha baada ya miaka kadhaa, sensa nzima inabadilishwa, na kichwa cha mtumba kinaweza kukufikia nazo zote zikiwa zimekufa. Na kwenye tairi za 12.00R20 zenye tyubu sensa ya kwenye rimu haina kazi, kwa kuwa upepo uko ndani ya tyubu.

Mfumo wa kujijaza unategemea mtungi wa upepo wa gari. Una valvu inayokata njia mtungi ukishuka, ili breki zisikose upepo, na valvu hiyo isiguswe kamwe. Kama draya, kifaa cha kukausha upepo, imechoka na mtungi unatoa maji, maji hayo sasa yanaingia kwenye tairi zako. Hosi za kwenye habu zinakatwa na mawe kwenye barabara za vumbi. Kwenye lami nzuri unadumu.

Tela ni refu na rimu ni chuma, hivyo mawimbi ya sensa za ekseli ya mwisho yanafika kwenye kabini ya dereva yakiwa dhaifu. Kifaa cha kuongeza nguvu ya mawimbi kifungwe mbele ya tela, na hilo si la hiari. Na kama vichwa na matela yanabadilishana, uliza swali moja kabla ya yote: kichwa kikiunga tela jingine, nani anakiambia? Mfumo unaomtaka dereva aingize kwa mkono namba za sensa zote 12 za tela, namba hizo hazitaingizwa.

Kwa kazi ipi, njia ipi

Gari moja hadi tatu, tairi za tyubu, mizigo ya ndani ya nchi: geji ya miguu miwili inayolinganishwa kila mwezi na geji kuu (ile inayotumika kuhakiki nyingine), visawazisha kwenye pacha, na sensa za nje mbili za usukani. Zaidi ya hapo hela yako iende kwenye tairi zenyewe.

Matanki ya mafuta na gesi: sensa za ndani, tairi zote, bila kujadiliana, pamoja na kifaa kinachotuma taarifa ofisini.

Malori kumi na zaidi yanayokwenda Tunduma, Lubumbashi au Malaba, tairi za tyublesi (zisizo na tyubu), mafundi wa njiani wa kila aina: tungeweka sensa za ndani kwenye kichwa, ambacho kinarudi kwenye karakana yako, na za nje zinazoruhusu kujaza kwenye tela. Mchanganyiko huo hauonekani nadhifu, lakini unalingana na mahali tairi zinapofunguliwa. Hakikisha tu kwamba skrini moja inasoma zote mbili.

Matela yasiyobadilishana vichwa, lami mwanzo mwisho, karakana yenye mtu wa upepo anayejua kazi: mfumo wa kujijaza kwenye tela, na sensa kwenye kichwa. Barabara za migodi na misitu usiupeleke.

Kujaribu kabla ya kununua nyingi

Funga gari moja kwanza, mwezi mmoja. Gari lilale saa tatu au zaidi bila kutembea, tairi zipoe kabisa. Pima zote 22 kwa geji kuu na uandike. Badilisha kila sindano ya valvu inayovuja na kila shina lililopinda, kwa sababu sensa haitibu valvu mbovu. Jaza kwa kipimo cha kila ekseli, funga sensa kwa mkono mpaka mlio wa upepo ukatike kisha robo mzunguko zaidi, paka maji ya sabuni, subiri nusu saa, angalia mapovu tena. Sajili kila sensa mahali pake ukiwa umesimama kwenye tairi hiyo, halafu toa upepo kidogo na uone namba ipi inashuka kwenye skrini. Kuchanganya tairi ya ndani na ya nje ndilo kosa la kawaida kuliko yote.

Mpe mtu mmoja wa ofisini kazi ya kuangalia orodha kila asubuhi saa mbili: tairi zilizoshuka zaidi ya asilimia 5 tangu jana, na magurudumu yaliyotofautiana joto kushoto na kulia. Mwisho wa mwezi pima tena zote kwa geji kuu, tairi zikiwa baridi. Sensa itakayotofautiana na geji kwa zaidi ya psi 3, irudishe kwa muuzaji. Zikiwa zaidi ya mbili katika 22, rudisha zote.